Nimeokoka, Nampenda Bwana

Ukienda kanisani Kenya ukiwa mgeni, utaombwa usimame. Hakuna anayekuuliza unaamini nini. Unapewa maikrofoni na mdomo wenyewe unajua njia: "Bwana asifiwe. Kwa majina naitwa fulani, nimetoka mahali fulani, nimeokoka na nampenda Bwana." Watu wanaitikia amina, wawili watatu wanapiga makofi, unaketi. Sekunde kumi. Umeshajieleza wewe na Mungu wako, na mzee wa kanisa anaendelea na matangazo ya harusi.

Nimeisikia sentensi hiyo kwa watu wa kila aina. Nimeisikia kwa mgombea wa ubunge aliyekuja na bahasha ya harambee, akaitamka haraka kama anayetaja nambari ya kitambulisho. Nimeisikia kwa mwenye nyumba aliyekuwa amemfungia mpangaji mlango juzi yake tu. Kwenye matanga iko, kwenye chama iko, kwenye mkutano wa wazazi shuleni iko, na kwenye matatu ya kutoka Nakuru iko, pale mhubiri anaposhika kiti cha mbele, anatusalimia, na sote tunajua sadaka inakuja kabla ya Gilgil. Rika langu tumeifanya mzaha. Mtu akikukopa elfu moja akapotea, tunasema, "Huyo ameokoka na anampenda Bwana, shida ni M-Pesa yake haijaokoka."

Na mimi kazi yangu ni sentensi. Naandika kwa malipo, chochote kile: barua za kuomba kazi, maelezo ya bidhaa za watu mtandaoni, na kwa miaka miwili niliwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao za chuo kikuu, mimi ambaye cha kwangu niliachia katikati. Lakini kazi isiyokauka ni wasifu wa marehemu. Watu huita yuloji. Bei yangu ni shilingi 1,500, na kama mazishi ni kesho, 2,000. Familia inanitumia sauti kwenye WhatsApp, mashangazi wakikatizana, mbwa akibweka nyuma, na mimi nageuza hayo yote kuwa kurasa mbili za kuwekwa katikati ya kijitabu cha mazishi.

Kijitabu chenyewe unakijua. Picha kubwa mbele, imesafishwa na kijana wa saiba mpaka marehemu ana ngozi ya mtoto. Ndani kuna kuzaliwa, elimu, ndoa, kazi, ugonjwa, na mahali fulani kabla ya ugonjwa kuna kichwa kidogo: Maisha ya Kiroho. Hapo ndipo familia huishiwa na maneno. Nikiuliza, naambiwa, "Andika alikuwa mcha Mungu." Nikiuliza aliokoka lini, kunakuwa na kimya, halafu: "Weka tu aliokoka." Juu ya jalada wengi wanataka iandikwe kwamba marehemu amepandishwa cheo hadi utukufuni. Ni usemi wa Jeshi la Wokovu, nao kwao unaeleweka, kwa sababu ni jeshi na wana vyeo. Siku hizi kila dhehebu limeuchukua. Nimempandisha cheo mtu ambaye watoto wake walinieleza, maikrofoni ya simu ikiwa bado imewashwa, kwamba hakuwahi kukanyaga kanisani tangu harusi yake.

Basi ni sentensi rahisi kudharau. Mimi nilikua ndani ya nyumba ambamo haikudharauliwa, na ili nieleze nyumba hiyo lazima nirudi nyuma kidogo.

Mwaka 1929, juu ya kilima cha Namirembe mjini Kampala, Mganda mmoja aitwaye Simeoni Nsibambi alikutana na daktari Mwingereza, Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda. Wote wawili walikuwa wamechoka na dini iliyopoa. Walikaa siku mbili wakisoma Biblia na kuomba pamoja, Mwafrika na Mzungu, jambo ambalo siku zile halikuwa dogo. Kutoka hapo na kutoka Gahini ukaanza moto ulioitwa uamsho. Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, alikuwa mwalimu huko Gahini. Alifariki Januari 1936 akiwa bado kijana, na kilichobaki midomoni mwa watu ni neno moja la Kiganda alilokuwa akilihubiri: Zukuka. Amka. Mtu anaishi, anafundisha, anaoa, anakufa, na anabaki neno moja. Kama mwandishi wa wasifu nikiri wivu kidogo.

Waganda wakawaita watu hao Balokole, yaani waliookoka. Mwaka 1937 kikundi chao kilifika Kabete, karibu na Nairobi, na kufikia mkutano mkubwa wa Kahuhia, Murang'a, mwaka 1947, uamsho ulikuwa umeingia Kenya kabisa. Wakaanza kuitana ndugu. Wakaimba Tukutendereza mpaka watu wasiojua hata neno jingine la Kiganda wakaijua hiyo. Na wakaleta ile sentensi, lakini kwao ilikuwa mwanzo tu wa maneno. Mtu alisimama katika ushirika akasema ameokoka, anampenda Bwana, halafu akaendelea: wiki hii nimemdanganya mke wangu juu ya pesa za maziwa. Nimeweka nyumbani jembe la mwajiri wangu tangu mwaka juzi, kesho nalirudisha. Waliita hiyo kutembea nuruni. Wamisheni wengine waliona aibu. Wachungaji wengine waliona ni fujo ya wasiosoma. Lakini majembe yalirudi, na vijiko, na mashuka, na pesa.

Halafu ikaja hali ya hatari, 1952. Wengi wa ndugu wa Mlima Kenya walikataa kiapo cha Mau Mau. Jibu lao lilikuwa fupi: wameshakunywa damu ya Yesu, hawawezi kunywa nyingine juu yake. Kuna waliouawa kwa jibu hilo. Wengine, wakipewa bunduki na serikali ya kikoloni wajilinde, waliikataa pia, na serikali nayo ikawatazama kwa jicho baya. Sisemi kwamba walioenda msituni hawakuwa na sababu. Ardhi ilikuwa imechukuliwa, na hilo halihitaji theolojia. Shosho wangu alikuwa na kaka msituni na shangazi katika ushirika, na mpaka anakufa hakuwahi kunikubalia nimwambie nani kati yao alikuwa sahihi. Alikuwa anasema, "Wote walilipa." Basi.

Shosho alizaliwa Murang'a. Aliokoka mwaka 1961, akaolewa, na baada ya uhuru yeye na Guka wakahamia karibu na Molo, ambako Guka alikuwa amechangia hisa za shamba. Ekari tatu, viazi, pareto kidogo, ng'ombe wawili wasio na adabu. Ushirika wa huko ulikuwa wa Kiswahili kwa sababu hakuna namna nyingine: kulikuwa na Wakikuyu, Wakalenjin, Wakisii, Waluhya, na mama mmoja Mluo ambaye mume wake alikuwa wa reli. Walikutana Jumamosi saa nane, nyumba kwa nyumba. Sisi watoto tuliujua utaratibu kama tulivyojua wimbo wa taifa. Kila mtu alikuwa na mdundo wake. Wa Shosho ulikuwa hivi: "Nimeokoka," halafu anavuta pumzi, "nampenda Bwana." Ile pumzi ya katikati tuliigiza tukicheza.

Januari 2008 nilikuwa na miaka minane. Yaliyotokea Molo yameandikwa na watu waliokuwa wakubwa wakati huo, sitayarudia. Sisi tulitoka usiku na blanketi na redio. Tukalala uwanja wa maonyesho wa Nakuru, chini ya turubai, pamoja na maelfu ya watu. Shosho aliendesha ushirika wake humo humo kambini na wanawake watano. Mwezi Mei serikali ikatangaza Operesheni Rudi Nyumbani, tukapakiwa kwenye lori, tukarudi.

Nyumba ilikuwa na kuta. Mabati hayakuwepo. Milango, madirisha, hata fremu, vilikuwa vimeng'olewa. Haikuwa siri mabati yako wapi, kwa maana Guka, kabla hajafa, alikuwa ameyapaka rangi ya buluu kwa ndani, sijui kwa nini, nadhani rangi ilibaki kwenye kazi fulani. Buluu ile ilionekana kutoka barabarani ukipita karibu na jiko la jirani yetu mmoja, mzee ambaye kabla ya hapo tulikuwa tukiazimana naye kamba ya ng'ombe. Sitasema jina lake wala kabila lake. Msomaji atakuwa ameshakisia, na kukisia huko ndiko kulikotufikisha uwanjani Nakuru.

Ushirika ulianza tena mwezi Juni, wakiwa wachache. Jumamosi ya kwanza Shosho alisimama, akasema, "Nimeokoka." Akavuta pumzi. Akaketi.

Watoto ni watu wa kuhesabu. Tulitazamana. Jumamosi iliyofuata, vilevile. Nimeokoka, pumzi, kiti. Tulidhani amezeeka ghafla, anasahau. Hakuna ndugu aliyemuuliza, na sasa ndio naelewa kwamba wote walijua. Ilienda hivyo mvua zikaja, viazi vikachimbwa, Krismasi ikapita. Mwanamke ambaye alikuwa ameisema sentensi hiyo nzima kwa miaka arobaini na saba alisema nusu yake, hadharani, kila wiki, karibu mwaka.

Nilimuuliza miaka mingi baadaye. Alikuwa anamenya viazi, na hakuacha. "Ningesemaje?" akasema. "Kuna mtu akipita hapo barabarani nilikuwa nageuza uso. Kuokoka nilikuwa nimeokoka, hiyo ni kazi ya Yesu, hainihusu sana. Lakini kumpenda ni mimi napenda. Na nilikuwa sipendi. Ningewadanganya ndugu?"

Sijawahi kusikia mhubiri yeyote akiikata ile sentensi namna hiyo, mahali panapostahili kukatwa. Nusu ya kwanza ni jambo ulilofanyiwa. Nusu ya pili unadai kitu juu ya nafsi yako, leo, saa hii, na kuna jirani anayeweza kuja kutoa ushahidi kinyume chako.

Asubuhi moja mwaka 2009 aliniambia nivae viatu. Akanipa nibebe kilo mbili za sukari zilizofungwa kwa gazeti. Tukaenda kwa yule mzee. Nilikuwa na hakika tunaenda kudai mabati, na nilikuwa nimefurahi sana, nikijipanga nitayabebaje. Tulikaribishwa jikoni kwa sababu kulikuwa na baridi. Mke wake akaweka chai. Nikatazama juu. Buluu. Hata matundu ya misumari niliyajua, kulikuwa na moja pale juu ya meko ambalo nyumbani lilikuwa juu ya kitanda changu na lilikuwa linanidondoshea maji.

Shosho alikunywa chai mpaka nusu. Kisha akasema, kwa Kiswahili chake cha Murang'a, "Baba, nimekuja unisamehe. Nimekuchukia mwaka mzima, na nimeokoka."

Maze, nilitaka kulia kwa hasira. Yule mzee hakusema kitu kwa muda mrefu. Mke wake alitoka nje. Mwishowe akasema, "Mama, tumesamehewa wote," maneno ambayo mpaka leo sijui yalimaanisha nini na yalitoka upande gani. Hakutaja mabati. Hakuyarudisha. Mjomba alikuja kununua mengine mwezi wa nane kwa mkopo wa chama. Na Jumamosi ile ile Shosho alisimama, akasema nimeokoka, akavuta pumzi, na nampenda Bwana ikatoka, na wale wazee wakaimba mpaka kuku wakatoka chini ya meza.

Nilipokuja kusoma habari za askofu Festo Kivengere wa Kigezi, Uganda, nilijua tayari ninasoma nini. Yeye naye alikuwa mtoto wa uamsho. Februari 16, 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum, mlokole mwenzake, aliuawa pamoja na mawaziri wawili, na utawala wa Idi Amin ukatangaza kwamba ilikuwa ajali ya gari. Kivengere alitoroka na mke wake siku chache baadaye, usiku, wakivuka milima kwa miguu hadi Rwanda. Mwaka huo huo akatoa kitabu chenye jina ambalo watu wengi walidhani ni mzaha au ni wazimu: I Love Idi Amin. Nampenda Idi Amin. Mtu anaweza kubishana na jina hilo. Mimi mwenyewe hubishana nalo. Kuna watu Uganda waliopoteza baba zao ambao hawakuhitaji askofu awaambie hivyo, na kusamehe bila haki ni kitu ambacho wenye nguvu hukipenda kupita kiasi. Lakini ni ile nusu ya pili, ikiwa imelazimishwa kusema jina la mtu. Nampenda nani? Taja.

Rika langu tuna sentensi yetu. Mtu akikuuliza uko aje, unajibu, "Niko tu." Hiyo ndiyo imani yetu na wasifu wetu. Nilianza kuitumia kwa bidii mwaka wangu wa tatu wa chuo, karo ilipokatika. Mkopo wa serikali ulilipa sehemu, Mjomba akalipa sehemu, halafu Mjomba akaacha kulipa, na mimi nikaacha kwenda. Hakuna kisa kikubwa hapo. Nilirudi Molo na kompyuta ya mkononi yenye kibodi isiyo na herufi "h", nikaanza kuandikia watu.

Shosho aliniita mzee wangu, kwa sababu nimepewa jina la mume wake. Kila asubuhi: "Mzee wangu, uko namna gani leo?"

"Niko tu, Shosho."

Siku moja akaweka kikombe chini. "Hiyo 'tu' ni ya nini?"

Nikacheka. Hakucheka. "Uko wapi, tu? Na nani, tu? Mtu hawezi kuwa tu. Hata ng'ombe yuko mahali."

Sikuwa na jibu, na sina hakika ninalo sasa. Kuna ukweli ndani ya "niko tu" ambao wazee hawausikii. Ni jibu la mtu asiyetaka kukudanganya kwamba mambo yanaenda, na pia hataki kukutwisha kwa kukuambia hayaendi. Ukiiangalia vizuri ni kutembea nuruni kwa taa ndogo. Lakini "tu" hiyo inafunga mlango, hapo Shosho alikuwa sawa.

Jumamosi moja ushirika ulikuwa kwetu. Nilikuwa jikoni nikichemsha chai, ukuta ni wa mbao, kila kitu kinasikika. Shosho akasimama. Nimeokoka, pumzi, nampenda Bwana. Kisha akaendelea:

"Ndugu, Bwana amenionyesha uongo. Mkiniuliza mjukuu wangu anaendeleaje na chuo, nimekuwa nikiwaambia anaendelea vizuri. Ameacha. Ni mwaka sasa. Nilificha kwa sababu niliona aibu, na aibu hiyo si yake, ni yangu. Nilikuwa nataka kuitwa shosho wa mtu wa digrii. Mniombee nimpende kama alivyo, si kama nilivyowaambia."

Chai ikafurika ikazima moto. Nilisimama pale na sufuria. Kusikia jina lako likiombewa na wazee wanane kupitia ukuta wa mbao ni kitu ambacho sitamtakia adui. Nilikuwa nimekasirika hivi kwamba masikio yalikuwa moto: nani alimruhusu? Siri ilikuwa yangu. Lakini alikuwa hajaitoa siri yangu, alikuwa ameitoa yake, na yangu ilitoka ikiwa imeshikamana nayo tu. Ilibidi nipeleke chai. Hakuna mwingine wa kuipeleka. Nikaingia na trei, na yule mama Mluo, ambaye sasa haoni vizuri, akapapasa akashika kikombe, akaniuliza, "Na hiyo kazi ya kuandika, wanalipa kwa wakati?" Nikamwambia hawalipi. Akasema reli nayo ilikuwa hivyo.

Tangu siku ile, watu wakikutana nami sokoni walikuwa wananiuliza habari za kuandika. Hakuna aliyeniuliza tena nitamaliza lini.

Alifariki mwaka jana, usingizini. Grupu la familia likaamka kabla hatujampeleka mochwari. Shangazi akaandika, "Mwandishi ni mmoja hapa," na kazi ikawa yangu, ya bure safari hii. Wasifu nilioandika ni mfupi kuliko wowote niliowahi kuuza. Shangazi alitaka, kwenye orodha ya wajukuu, niandikwe "mwanafunzi wa chuo kikuu". Nikamwambia Shosho aliitubu hiyo mbele ya ushirika, hatuwezi kuirudisha kwenye mazishi yake. Akaninunia siku mbili, lakini akaiacha.

Vita ilikuwa ya kibao cha kaburi. Mjomba alitaka amepandishwa cheo hadi utukufuni. Mchungaji wa Shangazi akapendekeza mstari mrefu wa Zaburi. Wale wazee wa ushirika waliobaki, watatu, walikuwa wameketi kwenye benchi na hawakuwa wameulizwa. Mmoja wao akasema, "Andikeni alichokuwa anasema."

Mjomba akakubali nusu. "Sawa, basi tuandike 'Aliokoka'. Inatosha."

"Si 'aliokoka'," nikasema. "Ni 'nimeokoka'."

"Marehemu anasemaje 'nimeokoka'? Amekufa."

Hapo nilipata nafasi ya kutumia kitu pekee ninachojua. Nikamwambia, Mjomba, aliokoka ni kama aliugua, alihama, aliuza ng'ombe: jambo lilitokea, likaisha, tunalisimulia. Nimeokoka ni kama nimesimama. Nimeketi. Nimeshiba. Lilitokea na bado liko. Mtu akisema nimeketi, unajua hata sasa yuko kwenye kiti. Ukimwandikia "aliokoka" umesema imekwisha, na kama imekwisha basi tunamzika tu. Mjomba alinitazama kwa muda, mtu aliyelipa karo ya miaka miwili ya chuo na ndio anaona imeenda wapi.

"Haya," akasema. "Weka nimeokoka. Lakini hiyo tu. Fundi anatoza kwa herufi."

Wazee watatu wakakataa kwa pamoja, hata kabla hajamaliza. Yule mama Mluo aliinuka kabisa, akitafuta fimbo yake. "Hiyo ya kwanza alipewa bure," akasema. "Ya pili aliifanyia kazi. Mnamwekea ya bure mnaacha ya jasho?" Mjomba hakujua habari ya ule mwaka wa nusu sentensi, alikuwa Nairobi. Ilibidi wamwambie. Ilichukua muda, na walipofika kwenye jiko la buluu alitoka nje akasimama uani akitazama mabati yetu, yale aliyonunua yeye.

Fundi yuko Molo mjini, karibu na steji, kibanda chenye vumbi jeupe mpaka kwenye nyusi zake. Nilimpa karatasi. Jina na miaka ni bei moja, maneno ni shilingi sitini kwa kila herufi. Aliisoma kwa kidole, akaniangalia kama anayetaka kuniokolea pesa. "Hapa haujakosea? Marehemu anaongea?"

Nikamwambia aandike hivyo hivyo.

Akahesabu. Tisa, nane, tano. Ishirini na mbili. Akaandika 1,320 pembeni, akafikiri, akahesabu tena akigonga meza kwa penseli. "Na hii koma?" akauliza. Akaitazama kidogo. "Hiyo nitakuwekea bure."